Anaona Kokoto, Haoni Mtu

Mama yangu aliwahi kutozwa faini ya pombe kwa kosa la kiburi. Wazee wa kitongoji chetu, huku Ngara, walikaa, wakasikiliza, wakamwona ana hatia. Nilikuwepo, tena nilikuwa sehemu ya ushahidi, maana kiburi chenyewe kilisemekana kimetokana na mimi.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya isimu, ambayo hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza ni elimu ya kitu gani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujua. Nikawa nalima migomba ya baba kwa nadharia. Kisha watu wakavuka mpaka, Benaco ikageuka mji wa maturubai, na mashirika yakaanza kutafuta wanaojua Kiingereza na lugha ya kuelewana na wakimbizi. Kihangaza, ndugu wa Kinyarwanda, nilichofundishwa na bibi jikoni, na ambacho shuleni nilichapwa kwa kukisema, ndicho kilichonipa kazi. Shahada ilibaki kwenye bahasha yake. Nikawa mkalimani. Nilipanda magari meupe na kuvaa kitambulisho shingoni kama mbuzi wa mnadani.

Mtu mwenye binti wa namna hiyo, watu walisema, lazima kichwa kipande juu. Na mama alikuwa na kosa jingine la zamani: hakuzaliwa kwetu. Kwao ni Bisibo, upande wa Biharamulo. Aliolewa Ngara akiwa msichana, na hata mvi zilipoanza bado kulikuwa na waliomwita "yule Msubi". Mgeni husamehewa mengi. Kupita wakubwa bila kuwaamkia hakumo.

Hilo ndilo lilikuwa shtaka lenyewe, na asiyejua desturi zetu anaweza kuliona dogo. Kwetu mkubwa haanzi salamu. Hukaa kimya pembeni ya njia, kwenye kigoda chake au chini ya migomba yake, akisubiri apewe shikamoo anayostahili. Asipopewa hakuiti wala hakohoi. Anaiweka moyoni, na ikishajaa anaipeleka kwa wazee. Mama alikuwa amewapita wengi. Kiongozi wa walalamikaji alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kumenya ndizi.

"Nilikuwa nimesimama kwenye migomba yangu," alisema mbele ya baraza. "Wifi akanipita. Umbali wa kumrushia ganda likampata. Nikasema, mwache, labda ana mawazo, nisubiri. Nimesubiri mpaka ameingia kwake na kufunga mlango."

"Labda hakukuona," baba alisema. Baba ni mtu wa maneno machache, na siku ile alitumia karibu yote.

"Hakuniona? Huyu anayechambua maharage mpaka kokoto linaomba msamaha? Mdogo wangu, mkeo anaona kokoto, haoni mtu."

Watu walicheka. Maneno yale yalitoka barazani siku ileile, na kabla ya wiki kwisha watoto walikuwa wanayaimba wakiteka maji.

Ubaya ni kwamba yalikuwa ya kweli. Mama akiweka ungo mapajani hakuna jiwe lililompita, hata dogo kama punje ya mtama. Kichwa kilikuwa kikimuuma kwa muda mrefu. Alikifunga kwa kitambaa, akameza vidonge vya dukani, akaendelea na jembe. Nilikuwa nimempeleka zahanati ya misheni, wakamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Akazisoma zote mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenye shahada huukisia. Tuliambiwa ana macho ya msichana. Tulirudi tumefurahi. Njiani aligonga mti wa ua wa watu kwa bega, akausukuma kama mtu aliyemzibia njia, nasi tukasema ni uchovu.

Mama hakujitetea barazani. Nilimuuliza baadaye kwa nini. "Ningesema nini?" alinijibu. "Niseme sikuwaona? Kila mtu asiyesalimu husema hivyo." Wala hakujua kwamba kuna kitu hakioni. Hilo ndilo nililochelewa kulielewa, na sidhani kama nimelielewa hadi leo: pembeni hapakuwa na giza. Giza angeliona. Pembeni palikuwa hapana kitu, kama usivyoona kitu nyuma ya kisogo chako na hulalamiki.

Faini ikawa mtungi wa pombe ya ndizi. Mama aliivundika mwenyewe, tena ndizi nzuri, asije akaongezewa shtaka la ubahili. Siku ya kuinywa, wazee walikaa mduara uani kwetu, mirija ikatumbukizwa, mzee wa baraza akasema maneno ya kufuta hasira. Kisha ikafika sehemu muhimu. Aliyekosewa huvuta kidogo kwenye mrija, halafu humwelekezea mrija uleule aliyekosa. Akiupokea na kunywa, jambo limekwisha, na atakayelifufua ndiye atakayetozwa.

Shangazi alikuwa amekaa kushoto kwa mama. Alivuta, akafuta midomo, akamwelekezea mrija. Namsifu: alifanya kwa moyo mweupe, hata alitabasamu. Mama alikuwa anamtazama mzee aliyekaa mbele yake, anamsikiliza akisimulia jinsi wakimbizi walivyomaliza miti ya mlima mzima kwa kuni. Anatikisa kichwa kwa masikitiko. Mrija unaning'inia kando ya shavu lake. Pombe ikaanza kudondoka kwenye kanga ya shangazi.

Mduara ulinyamaza, mtu mmoja baada ya mwingine. Mama akanyamaza pia, kwa adabu, akidhani kuna anayetaka kusema.

"Mmeona," shangazi alisema taratibu. "Mbele yenu wote."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, nimeuona uso wa mama. Hakukuwa na kiburi pale, hata cha dawa. Palikuwa na mtu anayesubiri kwa furaha mambo yaanze. Na hapo nikakumbuka kwamba siku chache kabla, kambini, nilikuwa nimeshinda nikimtafsiria daktari wa macho, mzungu mmoja mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, ambaye aliwaambia wagonjwa wamtazame puani huku akileta vidole vyake kutoka pembeni.

Niliinuka, nikaenda kukaa nyuma ya mama kidogo, nikauleta mkono wangu kutoka sikioni kwake kwenda mbele. Hakugeuka. Nikausogeza. Hakugeuka. Ulipokaribia pua ndipo aliposhtuka.

"Unanifukuzia inzi?" aliniuliza.

Nikarudia upande wa pili, mbele ya wazee, na ikawa vilevile. Mzee wa baraza akavuta mrija wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jambo ndani kabisa ya mtungi.

*

Kambini tulipanga foleni pamoja na wakimbizi. Wahangaza wengi walikuwa wakienda kutibiwa kule, kwani dunia nzima ilikuwa imeshusha dawa Benaco, na zahanati zetu zilikuwa na kalenda na mizani. Mwanamke mmoja mkimbizi, aliyejifunga jicho moja kwa bandeji, alimtazama mama kwa jicho lililobaki.

"Wewe si mwenyeji?" alimuuliza. "Umekimbia nini?"

"Moshi wenu," mama alijibu. "Kuni zetu mmezimaliza. Angalau daktari tugawane."

Mwanamke alicheka mpaka akashika bandeji yake. Walishinda wakizungumza, huyu Kinyarwanda, yule Kihangaza cha Kisubi, bila msaada wa mkalimani yeyote mwenye shahada.

Daktari alimtia mama dawa ya kutanua mboni, akamfanyia ile ya vidole. Kisha akatoa kamera. Ilikuwa kamera ya kupiga picha ndani ya jicho, ukuta wa nyuma kabisa, kupitia tundu la mboni. Jenereta ilivuma nje ya hema. Mwanga ukapiga, mama akasema "Yesu na Maria", na picha ikatoka papo hapo, ina unyevunyevu kama ndama aliyezaliwa punde. Ikapigwa nyingine ya jicho la pili. Daktari akazipeperusha, akaziweka kando kwa kando juu ya sanduku la dawa.

Sasa nitaeleza nilichotafsiri, kama nilivyotafsiri. Kila jicho lina mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Mishipa hiyo miwili hukutana nyuma, katikati ya kichwa, ikapishana. Chini ya makutano hayo kuna tezi ndogo, ukubwa wa punje ya harage. Tezi ya mama ilikuwa imeota uvimbe, ukapanda juu, unaikandamiza mishipa pale inapopishana. Nyuzi zinazobanwa kwanza ni zile zinazoona pembeni. Mbele hubaki pazuri, kwa muda.

"Mwambie atazame hapa," daktari alisema. Kwenye kila picha palikuwa na duara jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, mito myembamba ya damu, na mahali pamoja ambapo mito yote ilianzia: kisahani kidogo. Hicho ndicho kichwa cha mshipa, mahali unapoingia jichoni. Kikiwa kizima kina rangi ya waridi, kama nyama ya pera bivu. Cha jicho la kulia kilikuwa kimepauka kama ganda la yai. Cha kushoto kilikuwa kimeanza kupauka, ila upande mmoja rangi ilikuwa bado ipo.

"Kulia kumekwenda," daktari alisema. "Hata uvimbe ukitolewa, hakutarudi. Kushoto bado kuna nyuzi hai. Ukitolewa upesi, atabaki nalo hili. Mwambie upesi."

Nimetafsiri maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengi ya watu waliopoteza zaidi ya jicho, na nilikuwa nimejizoeza kuyapitisha kama bomba linavyopitisha maji. Hayo yalikwama. Daktari alidhani nimekosa msamiati, akarudia polepole kwa Kiingereza chepesi. Mama ndiye aliyenisaidia.

"Amesema ni lipi limekufa?"

"La kulia, mama."

"Na hili?"

"Hili bado. Tuwahi."

"Basi tuwahi," alisema, kama mtu aliyeambiwa mvua inakuja na ana maharage juani.

Nataka kuandika kwamba tuliwahi. Nina kipaji cha kuandika mambo yakapendeza, wahariri wawili wameniambia.

Uvimbe ungeweza kuonekana kwa mashine ya kupiga picha ya kichwa tu, na mashine hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Tulipanda basi. Kwenye pori la Biharamulo tulisimamishwa tusubiri magari mengine na askari wa kusindikiza, kwa ajili ya majambazi, tukalala palepale, asubuhi askari wakaja, mchana gari lao likakosa mafuta. Tulifika. Hospitali kubwa walitupokea vizuri, wakaisoma barua ya daktari, wakaziangalia picha, hata waliitana kuziangalia, kwani picha kama zile hazikuwa nyingi. Kisha wakatuambia mashine imeharibika. Kipuri kimeagizwa.

Tulikaa kwa binamu ya baba, tukaenda hospitali kila walipotuambia twende. Kipuri kilikuwa njiani. Baadaye kilikuwa bandarini. Baadaye kilifika, kikawa si chenyewe. Mpasuaji, kijana mpole, alituambia hawezi kufungua kichwa cha mtu kwa kukisia, na nilimchukia kwa kuwa alisema kweli. Mwishowe walisema turudi nyumbani, tutaitwa.

Kurudi tulipitia Bisibo, kwa mjomba, kaka yake mama. Mama alitaka kupaona kwao. Mjomba alimshika mkono, akamsimamisha mbele ya shamba walilokulia, lenye migomba juu na mihogo bondeni. Mama alitazama kwa muda.

"Mmeuza," alisema.

"Tumeuza nini?"

"Shamba. Zamani lilikuwa pana."

"Dada, hatujauza hata hatua."

Mama hakubisha. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akikusanya shamba la baba yake kipande kwa kipande, na kila alipopata kipande kimoja alipoteza kile cha kwanza. Mjomba alinitazama. Nikaangalia mihogo.

Hatukuitwa. Kilichofuata kinajulikana na kila aliyeishi kwetu: wakimbizi walianza kurudi kwao, barabara ikajaa watu na mizigo kutoka upeo hadi upeo, na hakuna gari la abiria lililopita. Hema zikashushwa moja baada ya nyingine. Magari meupe yakaanza kuondoka, na kazi yangu ikaondoka nayo. Daktari wa macho alikuwa anafunga masanduku nilipomfikishia mama. Kamera ilikuwa imekwisha kufungwa. Aliifungua tena, nitamshukuru kwa hilo, akamrudisha mtu wa jenereta aliyekuwa amekwisha kupanda lori.

Picha zikatoka. Aliziweka juu ya sanduku karibu na zile za mwanzo. Sikuwa na cha kutafsiri, na haikuhitajika shahada. Visahani viwili, vyote vimepauka.

"Niambie," mama alisema.

Nilimwambia. Alikuwa bado ana tundu dogo la kuonea kwa jicho la kushoto, katikati kabisa, kama anayechungulia kwenye mrija. Akaomba picha. Aliileta karibu, akaizungusha mpaka ikaingia tunduni.

"Hili ndilo jicho langu?"

"Ndilo."

"Mbona zuri." Alilitazama tena. Lilikuwa zuri kweli, kama jua likizama nyuma ya moshi. "Na kilichokufa kiko wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye kisahani.

"Hiki cheupe?"

"Hicho."

"Lakini ndicho kinachong'aa kuliko vyote," alisema, akanirudishia picha.

*

Nimefikiri sana juu ya kamera ile. Kama majirani zetu wasingechinjana na kukimbia, isingefika Ngara, na mama angepofuka kama watu wa kwetu walivyopofuka siku zote, bila kujua kwa nini, pengine akimshuku wifi yake. Msiba wa watu wengine ulituletea maarifa. Tuliambiwa kitu gani kinakufa, kiko wapi, kina rangi gani, na muda uliobaki. Tulipewa kila kitu isipokuwa njia ya kufika. Niliwahi kuamini kwamba kujua ni nusu ya dawa; nadhani nililisikia chuoni. Nusu ya pili ilikuwa bandarini.

Uvimbe ulitolewa baadaye, mashine ilipopona. Kichwa kiliacha kumuuma. Mpasuaji alisema tumeokoa maisha, naye alisema kweli tena. Tundu dogo lilizibika kabla ya hapo. Mama sasa huchambua maharage kwa vidole, na baba hupitia ungo baada yake, kimyakimya, akitoa kokoto. Anadhani mama hajui.

Kitongoji kilijuta, kwa namna kinavyojua. Wakubwa sasa humwamkia wao kwanza. Wanakuja mbele yake, wanapaza sauti kana kwamba ni kiziwi: "Ni mimi, nipo hapa." Mzee wa baraza alileta ndizi. Watoto walikatazwa kuimba ule wimbo. Ilikuwa faraja mbaya kuliko faini, kwa maana faini hutozwa mtu.

Mwaka uliofuata tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu, na mtungi ukawekwa uani, mahali palepale. Shangazi alikaa kushoto kwa mama, kama siku ile. Alivuta kwenye mrija, akafuta midomo. Safari hii hakuuelekeza tu. Aliinama, akamshika mama kidevu kama mtoto anayelishwa, akauweka mrija kwenye midomo yake.

"Kunywa, wifi," alisema kwa sauti laini. "Ni mimi. Kunywa."

Mrija ulikuwa umegusa mdomo. Mama alijua ulipo, na alijua ni wa nani. Akageuza uso upande wa pili, polepole, akaubana mdomo, akakaa hivyo.

Pombe ikadondoka kwenye kanga ya shangazi. Nilitazama mduara mzima, mzee kwa mzee. Nilikuwa nangoja hata mmoja aseme kwamba huyu mwanamke ana kiburi, atozwe. Mzee wa baraza alikohoa, akaanza kuzungumzia mvua.